Mwalimu Mkuu si Meneja wa Mauzo

Watu waliotoka kwenye kampuni wana ugonjwa mmoja wakialikwa kuzungumza na walimu: wanakuja na tageti. Slaidi ya kwanza ina mshale unaopanda. Ya pili inauliza, "Maono ya shule yako ni yapi?" Kisha walimu wakuu wanagawanywa watano watano, wanapewa karatasi za manila na makapeni, na kufika saa nane mchana kila kundi limeandika kwamba ufaulu utapanda kutoka asilimia fulani hadi asilimia fulani. Picha ya pamoja, bahasha ya nauli, kwaherini. Kesho yake mwalimu mkuu anarudi shuleni, anakuta matundu ya vyoo ni yaleyale, walimu ni walewale, na ule mshale hauna pa kubandikwa.

Mimi ni mtu wa bohari na mauzo. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye usambazaji wa bidhaa za dukani: sabuni, mafuta ya kula, unga wa ngano. Nilianza kwa kuhesabu maboksi, nikamalizia kusimamia mawakala wa kanda. Dada yangu ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali, na ni kupitia kwake walimu wakuu wa kata yao waliniomba niwe ninakaa nao wanapokutana, niwape "mbinu za kampuni". Nimekaa nao vya kutosha kuwa na msimamo. Elimu ya menejimenti ina nusu ya chini na nusu ya juu. Nusu ya chini ni pesa ndogondogo, stoo, mgawanyo wa kazi, kikao kinachoisha, kumwangalia mtu akiwa kazini na kumrekebisha bila kumdhalilisha. Hiyo inamfaa mwalimu mkuu sana. Nusu ya juu, yenye tageti, madaraja, mashindano na zawadi, ndiyo inayopendwa kwenye semina, na ndiyo iliyowahi kutuumiza.

Wala tusidhani kwamba ni kampuni zilizoleta wazo la mkuu wa shule anayejua hesabu. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya 1967 ilitaka kila shule iwe na shamba au karakana yake na ijilishe kwa jasho lake. Waliosoma miaka ya sabini na themanini wanakumbuka pesa za EK, mahindi ya shule, ng'ombe wa shule, na mwalimu mkuu aliyejua bei ya gunia sokoni kuliko walanguzi wenyewe. Chuo cha kuwanoa viongozi wa elimu nacho kipo Bagamoyo tangu 1979, wakati huo kikiitwa MANTEP. Mwaka 2001 kikawa ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu. Kwa hiyo chuo tunacho. Shida ni mpangilio: wengi huteuliwa kwanza, kwa kuwa walikuwa walimu hodari wa Hisabati au watu wasio na makuu, wanakabidhiwa mhuri na funguo, na mafunzo huwafuata baadaye, kama yatawafuata. Kwenye mauzo tulikuwa na kosa hilohilo. Ukimpandisha muuzaji wako bora awe msimamizi bila kumfundisha usimamizi, umempoteza muuzaji na umepata msimamizi wa kubahatisha.

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo walimu wakuu wenyewe walipotaka tuanze.

Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, fedha za uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Hesabu iliyotumika kwa shule za msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 zinashuka shuleni. Kiwango hicho kina historia. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza mwaka 2002 kilipangwa kuwa dola 10 kwa mtoto, na siku hizo dola 10 na shilingi 10,000 zilikuwa karibu kitu kimoja. Dola imekwenda zake, shilingi 10,000 imebaki palepale. Shule yenye watoto 800 inapata 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa vichwa ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi na wino wa kuchapia majaribio, umeme wa LUKU, kitasa kilichong'olewa, mpira wa miguu, na nauli ya kwenda halmashauri kuulizwa pesa imetumikaje.

Sijawahi kusimamia tawi lenye bajeti ya kubana namna hiyo. Na tawi langu dogo kuliko yote lilikuwa na karani. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi hana mhasibu. Kila shilingi inataka kikao cha kamati ya shule na muhtasari wake, nukuu za bei kutoka kwa wauzaji, hati ya malipo, risiti ya EFD, halafu yote yaingizwe kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za fedha. Na tangu 2023 kuna NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma. Mifumo yenyewe haina ubaya, imeziba mianya mingi. Ila anayeijaza ni mwalimu mwenye vipindi, kwa simu yake na bando lake, mara nyingi usiku.

Nilichowapa hapo hakikuwa na mshale wowote. Ilikuwa karatasi moja yenye safu za miezi, inayoonyesha pesa inayotarajiwa na mizigo inayojulikana kabla haijafika: mtihani wa nusu muhula, mtihani wa utamilifu wa darasa la saba, mvua zinazoezua. Mtu wa biashara anaita hilo mtiririko wa fedha na halimshangazi. Kwa mwalimu mkuu aliyezoea kungoja pesa iingie ndipo afikirie, ilikuwa ahueni. Shule tatu zilizokaribiana zikaanza kuulizia bei ya karatasi kwa muuzaji mmoja kwa wakati mmoja, kila shule ikilipa kwa hati yake. Bei ya katoni si bei ya rimu moja moja. Ni jambo dogo, lakini pesa iliyobaki ilionekana kwa macho.

Hata hivyo pesa peke yake haifundishi mtoto. Kati ya 2013 na 2014 shirika la Twaweza lilijaribu kitu kiitwacho KiuFunza katika shule 350. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya nyongeza, shilingi 10,000 kwa mtoto, mkononi kabisa. Nyingine zilipewa motisha: mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu alipata shilingi 5,000 kwa kila mtoto aliyefaulu somo, na mwalimu mkuu 1,000. Nyingine zilipata vyote viwili. Zilizopewa ruzuku pekee, watoto wao hawakusonga mbele kuliko wengine. Zilizopewa motisha pekee, matokeo yalikuwa nusunusu. Zilizopata vyote viwili ndizo zilizopanda waziwazi. Nikiwasomea walimu wakuu habari hii wanacheka pale kwenye ile 1,000, kisha wanatulia, kwa kuwa wanajua ilikuwa ni bei ya nini: kuhakikisha vitu vilivyonunuliwa vinamfikia mtoto.

Na hapo nafika kwenye vitabu, jambo nililolitazama kwa karibu kuliko yote.

Ofisi ya dada yangu ni kama ofisi nyingi za walimu wakuu. Ukutani kuna manila zimepangwa: Takwimu za Wanafunzi, wavulana, wasichana, jumla. Ikama ya Walimu. Samani: mahitaji, yaliyopo, upungufu. Matokeo ya darasa la nne na la saba kwa miaka kadhaa, kwa rangi ya bluu na nyekundu, mwandiko safi kabisa. Nilimuuliza ni lini mara ya mwisho alifanya uamuzi kwa kuangalia manila hizo. Alinitazama kama nimeuliza ni lini mara ya mwisho aliila bendera. Manila ni za wageni. Akija Afisa Elimu Kata, akija mdhibiti ubora, anazisoma, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anasaini kitabu cha wageni. Takwimu zote zimepanda juu. Hakuna inayoshuka chini kwenda darasani. (Ndugu zetu Wakenya, tume yao ya walimu, TSC, ilipoleta mfumo wa TPAD wa kuwapima walimu mwaka 2016, malalamiko yaliyosikika haraka ni makaratasi. Ugonjwa ni mmoja, hospitali tofauti.)

Chini ya manila hizo, pembeni ya kabati, yalikuwa maboksi. Niliinua kifuniko cha moja. Vitabu vya kiada vya Hisabati, vipya, bado vinanuka wino wa kiwandani, na buibui ameshajenga kwenye kona.

"Dada, hivi vina muda gani humu?"

"Tangu vilipoletwa."

"Na watoto wanatumia nini?"

"Mwalimu anaandika ubaoni, wanakopi. Mdogo wangu, kitabu kikipotea, atakayeandika barua ya maelezo ni wewe? Mkaguzi akija anahesabu vitabu. Hahesabu vilivyosomwa."

Jibu hilo nililielewa kwa mifupa yangu, kwa sababu ni la mtunza stoo hodari. Stoo iliyojaa na daftari linalolingana ni fahari ya mtunza stoo. Kwa mwenye biashara ni hasara, bidhaa imelala. Lakini hatukuwa tunamlaumu mtunza stoo. Tulikuwa tunabadilisha anachopimwa nacho. Kila bohari linaloendeshwa na watu wenye akili lina kiwango cha kuvunjika, kumwagika na kupotea kilichokubaliwa mapema. Chupa zinavunjika. Panya wanakula unga. Usipokikubali kiwango hicho, mtunza stoo atafanya jambo pekee lililo salama kwake: hatatoa kitu.

Basi tukakaa na kamati ya shule. Haikuwa rahisi, mwenyekiti wa kamati ni mzee wa makini na alitaka kujua kama tunahalalisha wizi. Mwishowe muhtasari ukaandikwa kwamba vitabu vitagawiwa, kimoja kwa watoto kadhaa wa dawati moja, kila kitabu na namba yake kwa wino usiofutika, mwalimu wa darasa akisaini daftari la azima. Na kwamba kamati inatarajia sehemu fulani vichakae au vipotee kila mwaka, na hilo halitakuwa kosa la mwalimu ikiwa daftari linaonyesha kilikwenda kwa nani. Saini za wajumbe, mhuri. Muhtasari huo ndio mchango mkubwa zaidi wa menejimenti ya biashara niliowahi kuupeleka shuleni, na hauna hata tarakimu moja ya ufaulu ndani yake. Vitabu vilitoka. Vingine vimerudi bila jalada, kama ilivyotarajiwa.

Walimu wakuu wengine walipousikia waliomba nakala. Mmoja aliniambia wazi kwamba kamati yake haitasaini kitu cha namna hiyo, na namwamini.

Jambo jingine la nusu ya chini ni kuwapo. Kiwandani msimamizi wa zamu anayekaa ofisini siku nzima anaitwa majina. Shuleni tumeunda kazi ambayo inamtoa mwalimu mkuu mahali pa kazi. Benki. Halmashauri. Kikao cha kata. Mwenge unapita. Mzigo wa saruji umefika na kamati ya mapokezi haijatimia. Ukumbuke kwamba kwa utaratibu wa force account, yaani kujenga bila mkandarasi, walimu wakuu ndio waliosimamia ujenzi: fedha za UVIKO-19 zilipokuja mwishoni mwa 2021, shilingi milioni 20 kwa darasa, madarasa 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo zinazolelewa na shule mama, wakuu wa shule waligeuka makandarasi kwa miezi kadhaa, wakihesabu nondo na kulala na ufunguo wa stoo ya saruji chini ya mto. Madarasa yalisimama, na yalihitajika. Nani aliyekuwa akiingia darasani kumtazama mwalimu mgeni wa darasa la kwanza anavyofundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, hilo halikuwa kwenye taarifa yoyote.

Niliwaomba walimu wakuu wa kata waorodheshe kila walichosaini ndani ya wiki moja, kisha waweke alama kwenye vile ambavyo kisheria vinataka saini yao na si ya mwingine. Alama zilikuwa chache. Ruhusa ya mtoto kwenda kliniki, kutolewa kwa boksi la chaki, zamu ya usafi, mapitio ya maandalio ya somo, vyote vingeweza kuwa vya mwalimu msaidizi, mwalimu wa taaluma au mwalimu wa zamu. Kwa nini viko kwako? Majibu yalizungukazunguka, mpaka mama mmoja akasema: kikiharibika nitaulizwa mimi. Sababu ni hiyohiyo ya vitabu. Kugawa kazi kunafundishwa kwenye kila kozi ya menejimenti kana kwamba ni ujuzi, ilhali kwa mtu anayelipwa posho ya madaraka ya 200,000 na kubeba lawama za watoto 800, ni suala la usalama wake. Ukitaka agawe kazi, mwambie kwanza bosi wake aache kumfokea mbele ya walimu wake.

Sasa nusu ya juu. Hiyo tuliijaribu kitaifa.

Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalikuwa msiba: takribani asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri, yaani walifeli. Mwaka 2013 serikali ya Rais Kikwete ikazindua Matokeo Makubwa Sasa, BRN, mfumo ulioigwa kutoka Malaysia, ukisimamiwa na chombo kilicho chini ya Rais na kuongozwa na Omari Issa, aliyewahi kuwa kwenye uongozi wa juu wa kampuni ya simu ya Celtel. Harufu ya kampuni uliisikia kila mahali: maabara za kupanga mikakati, ripoti za utekelezaji, tageti za ufaulu za asilimia 60 kwa mwaka 2013, 70 kwa 2014 na 80 kwa 2015. Shule zote zikapangwa kwa namba, kitaifa na kiwilaya, na kupakwa rangi: kijani, njano, nyekundu.

Mtu wa mauzo akiona orodha ile anajisikia yuko nyumbani. Ukutani kwetu ilikuwapo vilevile, majina ya mawakala kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho alikuwa haingii ofisini kunywa chai. Inafanya kazi, sitawadanganya. Wakala anayeshika mkia huamka mapema. Lakini anafanya na jambo lingine, na kila msimamizi wa mauzo analijua: anaacha kupeleka gari kwenye maduka ya mbali yenye kukopa, anabaki na wanaolipa taslimu. Wastani wake unapanda. Kampuni inampongeza, wala haijatenda dhambi kubwa, maana lile duka la mbali litahudumiwa na mshindani wetu wiki ijayo.

Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walichambua takwimu za mtihani wa darasa la saba wa kipindi hicho. Walichokikuta ni kama wamekaa ofisini kwetu. Shule zilizoshika mkia katika wilaya zao zilipandisha alama, na watoto walijifunza zaidi. Hilo ni la kweli na liheshimiwe. Pamoja na hilo, shule hizo zilianza kuwa na watoto wachache waliofika kwenye chumba cha mtihani. Wale dhaifu hawakuandikishwa. Na mtoto wa darasa la saba aliyeachwa na shule ya kijiji chake hana mshindani wa kumchukua. Anachunga ng'ombe, anauza karanga stendi, anaolewa.

Kwangu mimi hapo ndipo mpaka ulipo, na ninaurudia kila ninapokaa na walimu wakuu, hata wakinichoka. Karibu kila kinachofanya menejimenti ya kampuni iwe na makali kinategemea uhuru wa kuchagua: kuchagua wateja, kuacha bidhaa isiyouza, kufunga tawi, kumwachisha mtu kazi. Mwalimu mkuu wa shule ya serikali hana hata kimoja. Hakuajiri walimu wake, hawezi kuwafukuza, hakupanga mtaala, hapangi bei, na kila mtoto wa mtaa aliyefikisha umri ni wake. Ukimpa tageti za mtu mwenye uhuru huo bila kumpa uhuru wenyewe, ataupata kwa mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma pekee uliopo shuleni ni mtoto asiyejua kusoma.

Shule binafsi zina mlango wa mbele. Mzazi yeyote aliyewahi kuitwa ofisini mwishoni mwa darasa la sita akaambiwa mwanawe hajafikisha wastani, achague kukariri au kuhama, anajua ninachosema. Shule ile inabaki na "ufaulu wa asilimia mia" na bango barabarani. Kwa lugha ya biashara ni usimamizi mzuri wa jina la kampuni. Januari 2023, ikitangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, NECTA, baraza la mitihani, ilisema haitatangaza tena shule kumi bora wala wanafunzi bora. Wengi walilalamika kwamba tunaua ushindani. Mimi nilisikitikia mabango tu.

Nisieleweke kwamba napinga watu wa biashara kuwafundisha walimu wakuu. Marekani wamekwenda mbali zaidi yetu. Chuo Kikuu cha Rice kilichopo Houston kilianzisha mwaka 2008, ndani ya shule yake ya biashara, programu ya MBA, shahada ya uzamili ya biashara, kwa ajili ya watu watakaoongoza shule. Na wachumi wanaopima usimamizi wa viwanda, Nicholas Bloom na John Van Reenen wakiwa miongoni mwao, walichukua dodoso lao la kiwandani wakalirekebisha na kuwapigia simu wakuu wa shule za sekondari zaidi ya 1,800 katika nchi nane. Shule zilizosimamiwa vizuri zilikuwa na wanafunzi wanaofaulu zaidi; Uingereza ilikuwa juu kwenye orodha, India chini. Maswali yao hayakuwa ya maono. Yalikuwa ya namna hii: unajuaje kwamba mwalimu fulani anapata shida, na ulifanya nini mara ya mwisho ulipojua?

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la hukohuko Houston, la Roland Fryer. Wakuu wa nusu ya shule 58 walipewa saa 300 za mafunzo ya usimamizi ndani ya miaka miwili: kupanga ufundishaji, kutumia takwimu za wanafunzi, kuingia darasani na kumpa mwalimu mrejesho. Nusu ya chini tupu. Mwaka wa kwanza watoto walipanda katika masomo yote. Mwaka wa pili ongezeko halikuonekana tena. Maelezo ya mtafiti ni kwamba wakuu wengi walikuwa wamehama, na mafunzo yale yalijengwa moja juu ya jingine, huwezi kuanzia katikati.

Walimu wakuu wa kata walipolisikia hilo hawakuhitaji ufafanuzi. Huku barua ya uhamisho inakuja bila kubisha hodi. Ndiyo maana mkutano wetu wa karibuni haukuwa na mada ya uongozi hata kidogo. Tulishughulika na makabidhiano. Kwenye usambazaji, meneja wa tawi akihama, bohari linafungwa, anayetoka na anayeingia wanahesabu pamoja, tofauti inaandikwa na kusainiwa, kisha wanazunguka wote wawili kwa wateja wakubwa na kwa wadaiwa sugu. Shuleni makabidhiano huisha mchana mmoja: mhuri, funguo, kitabu cha hundi, daftari la mali, saini, soda. Anayeingia hajaambiwa ni fundi gani hajalipwa, ni mwalimu gani anamuuguza mama yake na kwa nini anachelewa, ni mzazi gani ana kesi na shule juu ya mpaka wa kiwanja.

Tukaandika fomu. Niliileta ikiwa na kurasa tatu, mali, madeni na mikataba, kama ya kwetu. Afisa Elimu Kata akaongeza ukurasa wa migogoro. Dada yangu akaongeza wa majina ya watoto wasiojua kusoma, darasa kwa darasa, na kwa kila mmoja ni nini kimeshajaribiwa. Halmashauri haijaipitisha. Wanaitumia hivyohivyo, wakiibana na pini nyuma ya ile ya serikali.